Uwanja Juu ya Ufa, Deni la Miaka Mia: Kisa cha Berkeley

Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kina uwanja wa michezo ambao deni lake, kwa ratiba iliyopo, litamalizika kulipwa mwanzoni mwa karne ya 22. Mtoto anayezaliwa mjini humo leo atazeeka chuo kikiwa bado kinalipa. Uwanja wenyewe umekaa juu ya ufa wa ardhi ulio hai. Na ligi ambayo fedha zake zilitegemewa kubeba sehemu ya mzigo huo ilisambaratika miaka 11 tu baada ya uwanja kufunguliwa upya.

Ukiyasikia hayo kwa mkupuo utadhani kuna mtu alirukwa na akili. Hapana. Kila hatua ilipita mikononi mwa wahandisi, wanasheria na wahasibu, ikajadiliwa na bodi, ikapelekwa mahakamani, ikarudi. Kila moja ukiitazama peke yake ina sababu inayoeleweka. Tatizo liko kwenye maungio, pale hesabu ya mhandisi inapokabidhiwa kwa mhasibu, na ya mhasibu kwa kocha.

Kwanza tuelewane kuhusu michezo ya vyuo vya Marekani, maana haifanani na mashindano ya vyuo tunayoyajua huku kwetu. Chuo kikubwa kule kina idara ya michezo inayoendeshwa karibu kama klabu ya kulipwa: kocha analipwa mamilioni ya dola, televisheni inanunua haki za kuonyesha mechi, makumi ya maelfu wanajaa uwanjani Jumamosi. Injini ya yote ni futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu. Mapato ya futiboli, na kwa kiasi kidogo ya mpira wa kikapu, ndiyo yanayolisha timu nyingine zote: waogeleaji, wapiga makasia, wanariadha. Berkeley ina timu 30 hivi, na imetoa medali nyingi za Olimpiki, hasa kwenye bwawa la kuogelea. Bwawa haliuzi tiketi za kutosha kujilipia. Kwa hiyo anayepanga uwanja wa futiboli anapanga, bila kutaka, riziki ya timu zote hizo.

Sasa turudi nyuma. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Berkeley ilitaka uwanja wa kuwakumbuka Wakalifornia waliokufa vitani. Wananchi na wahitimu wakachanga zaidi ya dola milioni moja, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Mahali palipochaguliwa ni mdomo wa korongo la Strawberry, upande wa mashariki wa kampasi, chini ya vilima. Ardhi ilikuwa tayari mali ya chuo, na kununua viwanja vya watu mjini kungekula fedha zote za michango. Kilima kikachongwa kwa mabomba ya maji yenye nguvu, mbinu iliyorithiwa kutoka kwa wachimba dhahabu wa jimbo hilo, kijito kikaingizwa kwenye kalavati kipite chini, na bakuli la udongo na zege likasimama. Mchoro ulikuwa wa msanifu John Galen Howard, ambaye alama yake iko kote kampasini. Tarehe 24 Novemba 1923 uwanja ulifunguliwa kwa mechi dhidi ya mahasimu wa Stanford, na Berkeley ikashinda 9 kwa 0.

Korongo lile limepita pale kwa sababu. Ufa wa Hayward unapita katikati ya uwanja, kwa urefu, karibu kutoka goli hadi goli. Mwaka 1868 ufa huo ulipasuka na kuleta tetemeko ambalo watu wa eneo lile waliliita tetemeko kuu la San Francisco, hadi lile la 1906 lilipokuja kulinyang'anya jina. Utafiti wa mitaro iliyochimbwa kusini, karibu na Fremont, umeonyesha kwamba mipasuko mikubwa ya ufa huo imekuwa ikija kwa wastani wa miaka 140 hadi 160 hivi. Kuanzia 1868, jumlisha mwenyewe.

Tena ufa huu hausubiri tetemeko ndipo usogee. Unatambaa. Milimita chache kwa mwaka, kimyakimya, upande wa magharibi ukienda kaskazini na wa mashariki ukienda kusini. Milimita hizo zikikusanyika tangu 1923 zimezidi sentimita 30. Kabla ya ukarabati, ungeweza kusimama kwenye ukingo wa juu wa uwanja na kuona nguzo zilizoachana, kuta zilizopinda, na maungio ya zege yaliyofunguka kiasi cha kupitisha mkono. Hata kalavati la kijito chini lilikuwa limekatwa na kusogezwa.

Mtu atauliza: si wangehama tu? Lilifikiriwa. Wakosoaji wa mpango walitaja uwanja wa Coliseum wa Oakland, mji wa jirani. Lakini uwanja wa Berkeley ni kumbukumbu ya waliokufa vitani, na mwaka 2006 uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Zaidi ya hayo, mji wa Berkeley umejaa. Hakuna shamba la hekta kumi lililolala likisubiri majukwaa ya watu 60,000. Kuhusu Coliseum, historia imetoa jibu lake: timu kubwa zote zilizoutumia zimehama, ile ya futiboli mwaka 2020 na ile ya besiboli baada ya msimu wa 2024. Aliyepanga kutegemea nyumba ya kupanga angejikuta leo ni mpangaji wa mwisho aliyebaki na funguo.

Basi wakabaki. Na kubaki kulikuwa na masharti.

Mwaka 1971 tetemeko lilipiga San Fernando, kusini mwa California, na mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria inayoitwa Alquist-Priolo. Inakataza kujenga jengo la kukaliwa na watu juu ya ufa ulio hai. Kwa majengo yaliyokuwapo, inaruhusu ukarabati, lakini gharama ya mabadiliko isizidi nusu ya thamani ya jengo lenyewe. Inasikika rahisi hadi uulize: thamani ya uwanja uliopasuka, uliojengwa 1923, ulio juu ya ufa, ni kiasi gani? Ukisema ni bei ambayo mnunuzi angeitoa, ni karibu na sifuri, nani anunue? Ukisema ni gharama ya kuujenga upya leo, ni mamia ya mamilioni ya dola, na nusu yake inatosha kufanya kazi kubwa. Chuo kilisema la pili. Majirani wakasema la kwanza, au kitu kinachokaribia hapo. Maneno machache hayo ya sheria yalibeba mradi mzima, na mawakili waliishi humo kwa miaka.

Sehemu ya kwanza ya mpango haikuwa majukwaa. Ilikuwa jengo la mazoezi, chumba cha kunyanyua vyuma, ofisi za makocha na zahanati ya wachezaji, lijengwe nje ya ukuta wa magharibi. Sababu ni za kawaida za kibinadamu: ofisi za watu zilikuwa ndani ya uwanja, yaani watu walikuwa wanafanya kazi kila siku, si Jumamosi tu, juu ya ufa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Kocha Jeff Tedford, aliyekuja 2002, alikuwa ameifufua timu iliyokuwa imekufa, vyuo vingine vilikuwa vinamtamani, na kumbakisha kulimaanisha kumwahidi majengo ya kisasa. Hapa ndipo jambo la karne linapoanza kuongozwa na mkataba wa mtu mmoja. Simlaumu kocha, alikuwa akifanya kazi yake. Naangalia tu jinsi ratiba ilivyopata haraka yake.

Mahali pa jengo hilo palikuwa na kichaka cha mialoni. Tarehe 2 Desemba 2006, siku ya mechi na Stanford, watu wakapanda juu ya miti na kukataa kushuka. Walikaa huko, kwa kupokezana, hadi Septemba 2008, miezi 21. Dunia iliwajua hao kwa sababu ya picha. Kesi, hata hivyo, zilifunguliwa na mji wa Berkeley wenyewe, na chama cha wakazi wa kilima cha Panoramic kilicho juu ya uwanja, na kundi la kutetea mialoni. Hoja zilikuwa mbili: kwamba tathmini ya mazingira haikutosha, na kwamba jengo la mazoezi ni nyongeza ya uwanja, kwa hiyo linaangukia chini ya sheria ya ufa.

Hoja ya pili ilileta jambo ninalolipenda kuliko yote katika kisa hiki. Wahandisi walikuwa wamechora boriti ya msingi ya kushikilia ukuta wa uwanja wakati wa kuchimba jengo jipya kando yake. Kwa mhandisi hiyo ni tahadhari ya kawaida. Kwa sheria, boriti inayogusa uwanja ni ukarabati wa uwanja. Hakimu wa kaunti ya Alameda aliona hivyo, na chuo kikaiondoa boriti kwenye mchoro ili majengo mawili yatenganishwe kabisa. Mwishowe mahakama zikaruhusu, miti zaidi ya arobaini ikakatwa, na ujenzi ukaanza, ukiwa umechelewa karibu miaka miwili huku bei zikiwa zimebadilika. Hata watazamaji wa bure waliozoea kukaa kwenye kilima kilicho juu ya jukwaa la mashariki, ambacho jina lake kwa tafsiri ya haraka ni Kilima cha Mabahili, walifungua kesi yao wakihofia viti vipya vitawaziba. Tangu 1923 watu hao wamekuwa wakitazama mechi bila kutoa senti, na hawakuwa tayari kuanza.

Sasa uhandisi, kwa kuwa hapo kuna kazi ya kupongezwa. Timu ilihamia San Francisco msimu wa 2011, ikicheza kwenye uwanja wa besiboli, na ule wa Berkeley ukabomolewa ndani, ukaachwa ukuta wa kihistoria wa nje. Badala ya kujaribu kuuzuia ufa, jambo lisilowezekana, wahandisi waliukubali. Sehemu mbili za bakuli ambazo ufa unazikatiza, kaskazini na kusini, zilitengwa na majukwaa mengine kama vipande vinavyojitegemea. Chini yake kukatandazwa mchanga na karatasi za plastiki, ili siku ardhi itakapokatika vipande hivyo viteleze na kuzunguka bila kuvuta vingine. Vimekusudiwa kuhimili msogeo wa futi 6 kwa upande, karibu mita 1.8, na futi 2 kwenda juu au chini. Jengo la waandishi wa habari na wageni mashuhuri upande wa magharibi likasimamishwa peke yake, likiwa na nafasi ya kuyumba bila kugonga jukwaa. Kwa lugha nyingine, uwanja umechorwa tayari umevunjika, mahali panapotakiwa.

Tarehe 1 Septemba 2012 ukafunguliwa tena, ukichukua watu 63,000 hivi, pungufu ya zamani. Kwa upande wa zege na udongo, mpango wa muda mrefu ulifanywa kama unavyopaswa kufanywa: walitazama jambo linalotokea mara moja katika karne na nusu, wakalijengea.

Tugeukie fedha.

Ukarabati wa uwanja uligharimu dola milioni 321. Jengo la mazoezi likaongeza milioni 153 hivi. Katika jumla hiyo, takriban milioni 445 zilikopwa. Malipo yalipangwa hivi: kwa miaka ishirini ya kwanza ni riba peke yake, takriban dola milioni 18 kila mwaka; kulipa deni la msingi kunaanza 2032; na mkia wa mwisho unafika karne ijayo.

Nani akopeshe kwa miaka mia kwa ajili ya timu ya futiboli? Hakuna. Na hakuna aliyefanya hivyo. Hati fungani zilitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha California chote, mfumo wenye kampasi kumi, hospitali kubwa na mapato ya mabilioni. Mwenye hati anajua atalipwa hata uwanja ukigeuka pori, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza kama timu itashinda. Riba ikawa nafuu. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ina upande wake: yule ambaye kwa kawaida huuliza maswali magumu kabla ya mradi kuanza, yaani mkopeshaji, hakuwa na haja ya kuyauliza. Swali la nani atalipa likabaki ndani ya nyumba, kati ya kampasi na idara yake ya michezo.

Wakenya wana mfano wa karibu wa kulinganisha. Uwanja wa Talanta jijini Nairobi, unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, umegharimiwa kwa hati fungani ya shilingi bilioni 44.8 iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025, ya miaka 15. Unaweza kubishana kuhusu riba yake, na watu wanabishana. Lakini hakuna aliyewaambia wawekezaji kwamba tiketi za mechi ndizo zitakazowalipa. Mlipaji ni serikali kupitia mfuko wake wa michezo. Berkeley ilifanya kinyume: mbele ya umma ilisema idara ya michezo itajilipia, bila senti ya karo wala ya kodi.

Njia yenyewe ilikuwa ya werevu. Viti vizuri zaidi, karibu 2,900, viliuzwa kwa haki ya kukaliwa miaka 40 au 50, bei zikianzia dola 40,000 na kupanda hadi 225,000 kwa kiti kimoja. Fedha hizo hazikukusudiwa kutumiwa moja kwa moja. Zilikuwa ziwekezwe kama mfuko wa wakfu, faida yake ilipe riba, na mfuko uzidi kukua hadi uweze kuumeza mkopo wenyewe. Lengo lilikuwa kama dola milioni 270. Kwenye jedwali la kompyuta hesabu hiyo inapendeza: faida ya uwekezaji iko juu kidogo ya riba ya mkopo, na tofauti hiyo ndogo ikizidishwa na miaka mingi inafanya miujiza.

Lakini mnunuzi wa kiti hakuzaliwa kwenye jedwali. Viti viliingia sokoni wakati uchumi wa Marekani umeanguka, baada ya 2008. Wanunuzi waliruhusiwa kulipa kidogokidogo kwa miaka mingi, na wengi walichagua hivyo, kwa hiyo mfuko uliotakiwa kuwa umejaa mapema ili faida izae faida ulibaki na ahadi. Na ahadi hizo mtu angeweza kuziacha njiani. Uwanja ulipofunguliwa, karibu theluthi mbili tu ya viti hivyo ilikuwa imeuzwa. Mwaka huohuo wa 2012 timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Tedford, ambaye majengo yalikusudiwa kumbakisha, akafukuzwa Novemba. Mwaka uliofuata timu ilishinda mechi moja. Moja, kati ya kumi na mbili. Jaribu kumuuzia mtu kiti cha nusu karne kwenye msimu kama huo.

Mwishoni mwa 2017 ikaja pigo ambalo hakuna mshauri wa michezo angelitabiri: bunge la Marekani likabadilisha sheria ya kodi. Kabla ya hapo, aliyetoa mchango ili apate haki ya kununua tiketi za chuo aliweza kukata asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yake ya kutozwa kodi. Nafuu hiyo ikafutwa. Kiti kilekile, bei ileile, kikawa ghali zaidi usiku mmoja.

Walijaribu na jina la uwanja. Mwaka 2013 kampuni ya michezo ya simu, Kabam, ilikubali kulipa dola milioni 18 kwa miaka 15 jina lake liwekwe kwenye eneo la kuchezea. Mkataba ukavunjwa mwishoni mwa 2016. Mwaka 2021 akaja mwingine, wa dola milioni 17.5 kwa miaka 10, tena kwa sarafu za kidijitali. Aliyelipa alikuwa FTX, kampuni ya soko la sarafu hizo. Novemba 2022 FTX ikafilisika kwa kashfa iliyoitikisa dunia nzima, na jina likafutwa kwenye nyasi.

Nguzo kubwa kuliko zote, lakini, ilikuwa televisheni. Ligi ya Berkeley, Pac-12, yenye vyuo vya pwani ya magharibi, ilisaini mwaka 2011 mkataba wa haki za matangazo wa karibu dola bilioni 3 kwa miaka 12. Ulikuwa mkubwa kuliko wowote wa aina yake kwa wakati ule, na uliwapa wapangaji ujasiri. Sasa weka namba hizo kando kwa kando: deni la miaka mia, mkataba wa miaka 12. Wapangaji walijua, bila shaka, kwamba mkataba utaisha. Walichodhania ni kwamba utafuatiwa na mwingine, mkubwa zaidi, kwa kuwa imekuwa hivyo siku zote. Katika kiangazi cha 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kuhama. Agosti 2023 vingine vikakimbia ndani ya siku chache. Berkeley na Stanford zikajikuta kwenye nyumba tupu, na Septemba 1, 2023 zikapokelewa na ligi ya ACC, ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki. Ili kukubaliwa zilikubali kuchukua asilimia 30 tu ya mgawo wa televisheni kwa misimu saba ya mwanzo. Wachezaji wa timu zote, si wa futiboli tu, sasa wanavuka bara zima kwenda kucheza.

Kwa kuwa UCLA ni kampasi ndugu chini ya bodi moja, bodi hiyo iliamua mwaka 2024 kwamba UCLA iilipe Berkeley dola milioni 10 kila mwaka kama fidia ya kuondoka. Waandishi wa michezo wa huko wameyapa malipo hayo jina la utani linalofanana na matunzo ya talaka.

Juu ya yote hayo, Juni 2025 jaji wa shirikisho anayekaa Oakland, maili chache kutoka uwanjani, aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka kwa kuanzia. Ni haki iliyochelewa, kwa maoni yangu. Waliokuwa wakijaza viwanja hivyo walikuwa hawapati mgawo wake. Lakini kwa mhasibu aliyekaa mwaka 2009 akipanga bajeti hadi karne ijayo, safu hiyo ya matumizi haikuwapo kabisa kwenye daftari.

Kwa hiyo kosa lilikuwa wapi? Jibu la haraka la wengi ni kwamba chuo kilikopa mno. Sidhani hilo linatosha. Uwanja ulikuwa hatari, na kuuacha bila kuuimarisha huku ukiwaalika watu 60,000 ndani yake kungekuwa jambo la aibu. Fedha zingetoka tu. Mkopo mrefu kwa jengo la kudumu ni busara ya kawaida; hata nyumba mtu huikopea miaka 25 au 30. Kilichokwenda mrama ni kufunga deni la polepole kuliko yote kwenye mapato ya haraka kuliko yote. Ufa husogea milimita chache kwa mwaka. Matokeo ya timu hugeuka kwa msimu, sheria ya kodi kwa uchaguzi, ligi kwa simu moja ya mkuu wa chuo. Kilichopimwa kwa uangalifu mkubwa ni kile kinachobadilika taratibu.

Na kulikuwa na jambo la pili, la utawala zaidi. Kazi ile ilikuwa na sehemu mbili zilizochanganywa kwenye ankara moja. Kuimarisha jengo lisiue watu ni wajibu wa mwenye jengo, yaani kampasi, kama inavyoimarisha maabara na mabweni yake. Kuweka vilabu vya matajiri na skrini kubwa ni biashara ya michezo. Zote zilitupwa kwa idara ya michezo, kwa sababu ilikuwa rahisi kisiasa kusema «michezo inajilipia». Usemi huo ulikuwa na bei. Septemba 2010, kabla ujenzi haujakolea, kampasi ilitangaza kufuta timu za besiboli, sarakasi ya viungo ya wanaume na ya wanawake, na lakrosi ya wanawake, na kuishusha raga hadhi, ili kupunguza hasara ya idara. Wahitimu wakachangisha mamilioni kuziokoa, na mwaka uliofuata zikarudishwa. Kufikia 2016 upungufu wa idara ulikuwa umefika kama dola milioni 22 kwa mwaka, na malipo ya riba ya uwanja yalikuwa karibu sawa na pengo hilo. Ni mwaka 2018 tu ndipo mkuu wa kampasi, Carol Christ, alipoamua kwamba sehemu ya deni inayohusu tetemeko, zaidi ya nusu ya malipo, ihamie kwenye vitabu vya kampasi. Yaani walifika mahali ambapo wangeanzia.

Wapo walimu waliokasirika, na nawaelewa: fedha zinazolipa riba hiyo zingeweza kununua muda wa madarasani. Lakini hasira hiyo ilistahili kuelekezwa kwenye ahadi ya mwanzo. Deni lilikuwa la kampasi tangu siku lilipokopwa. Jina la chuo ndilo lililo kwenye hati. Uamuzi wa 2018 uliliweka wazi tu.

Wanafunzi wa kawaida, ambao ni zaidi ya 45,000 na wengi wao hawajawahi kukanyaga nyasi za uwanja mkubwa, walipata kitu kimoja kutoka kwenye fujo hii: kaskazini mwa uwanja, mahali palipokuwa na kiwanja cha mazoezi, pamejengwa gereji ya magari na kiwanja kikarudishwa juu ya paa lake. Ardhi ikiwa haba, hilo ni wazo lenye akili kuliko mengi yaliyogharimu zaidi.

Yanayokuja yana tarehe zake. Misimu saba ya asilimia 30 katika ACC inaisha 2031. Msimu unaofuata mgawo wa Berkeley unapanda hadi asilimia 70, halafu 75, kisha wote. Kulipa deni la msingi kunaanza 2032. Kwa bahati, au kwa mtu aliyekaa na kalenda mbili mezani, mapato yanarejea karibu wakati uleule mzigo unapoongezeka. Lakini mkataba wa televisheni wa ACC unaishia 2036, na katika mapatano ya 2025 kati ya ligi hiyo na vyuo vyake viwili vyenye nguvu, Florida State na Clemson, ada ya kujitoa itakuwa imeshuka hadi dola milioni 75 kufikia msimu wa 2030-31. Kwa vyuo hivyo, hiyo si fedha ya kumzuia mtu.